Mtoto anaanza PP1 Januari: maswali ninayoulizwa na wazazi kila mwaka

Mimi hufundisha PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, upande wa Eastlands, Nairobi. Shule zikishafungwa mwishoni mwa mwaka, wazazi wa watoto watakaoingia darasani mwangu Januari huanza kunipigia simu, na wengine hunisimamisha sokoni nikinunua sukuma wiki. Maswali yao yanafanana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Yale ambayo nimeona yakimuumiza mtoto yanapopuuzwa, nimeyajibu kwa kirefu.

Mtoto aanze PP1 akiwa na miaka mingapi?

Minne. Katika mtaala wa umilisi, elimu ya awali ni miaka miwili: PP1 ni ya mtoto wa miaka 4, PP2 ya miaka 5, kisha anaingia Gredi ya 1 akiwa na miaka 6.

Kila mwaka huja mzazi wa mtoto wa miaka mitatu na miezi kadhaa akisisitiza kwamba mwanawe ni mwerevu. Namwamini. Lakini uwerevu haumsaidii mtoto kubana mkojo hadi mapumziko, wala haumzuii kusinzia mezani saa nne asubuhi. Nimewaona watoto wadogo hivyo wakishindwa kufuatana na wenzao, si kwa sababu hawana akili, bali kwa sababu mwili haujawa tayari. Kama shida ni kwamba hakuna wa kumwangalia mchana, tafuta kituo kizuri cha kulea watoto au darasa la watoto wadogo, PP1 ingoje mwaka ujao.

Je, lazima ajue kusoma na kuhesabu kabla ya kuja?

Hapana. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani ili akubaliwe. Anaweza tu kupimwa ili awekwe kwenye darasa linalomfaa. Shule za kibinafsi nyingi hufanya mahojiano, na najua wazazi wanaomlipia mtoto wa miaka mitatu mwalimu wa ziada ili ayapite. Mtoto huyo hunifikia akiimba A hadi Z bila kukosea, lakini ukimpa penseli mkono unatetemeka na karatasi inatoboka.

Ukitaka kumwandaa kweli, anza na vidole. Ukipika chapati Jumapili, mkatie donge dogo la unga alikande, alisukume, alikunje tena. Mwachie ndengu achambue mawe. Mpe soksi zake azifue kwenye karai na azikamue mwenyewe, hata kama utalazimika kuzisuuza tena akilala. Mkono uliokamua soksi miezi miwili hushika penseli bila taabu.

Hesabu nayo iko jikoni. "Tuko wanne, leta vijiko." Akileta vitatu, usimkemee, gawa, mwache aone nani amekosa. Atarudi kuchukua cha nne mwenyewe, na hapo amehesabu kweli, kwa sababu alikuwa na haja ya kujua.

La mwisho ni masikio. Mtoto anayesimuliwa hadithi kabla ya kulala, akasikia "Paukwa!" naye akaitikia "Pakawa!", huja akiwa amezoea kusikiliza jambo tangu mwanzo hadi mwisho. Vipindi vyetu ni vya dakika 30. Anayeweza kusikiliza hadithi ya dakika kumi ana msingi wa kutosha.

Nyumbani tunazungumza lugha ya mama na Kiswahili. Kiingereza hakimwijii. Tubadilishe lugha?

Msibadilishe. Zungumza naye kwa lugha unayoimudu vizuri, ile unayoweza kumsimulia, kumbembeleza na kumweleza kwa nini mvua inanyesha. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja hujifunza ya pili kwa kuyapachika kwenye yale aliyo nayo. Mtoto anayesemeshwa Kiingereza cha amri tu, "come", "sit", "eat", huja na maneno machache katika lugha zote.

Hakikisha tu anajua kuomba mambo matatu kwa Kiswahili cha kueleweka: maji, choo na msaada. Darasani mwangu wapo Wakamba, Waluo, Wakikuyu, Wasomali na Waluhya, na kwa wiki chache za kwanza Kiswahili ndicho kinachotuunganisha.

Atalia siku ya kwanza. Nifanye nini?

Ndiyo, atalia. Wengi hulia wiki ya kwanza, wengine wiki mbili. Wapo wanaoingia wakicheka siku tatu, kisha siku ya nne wanaangua kilio, wakishagundua kwamba jambo hili ni la kila siku. Kilio hakinitii wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni mzazi anayetoroka.

Mwaka mmoja nilimpokea msichana ambaye mama yake alimwambia langoni, "Naenda dukani, narudi sasa hivi." Mtoto hakulia. Aliingia darasani akaketi, ila alikataa kuvua begi. Wenzake walipokwenda kucheza, alisimama karibu na lango, begi mgongoni. Wakati wa uji alishika kikombe kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umeshikilia mkanda wa begi. Nilipomuuliza kwa nini haliweki chini, akanijibu kwa upole kabisa: "Mama ameenda duka." Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo, na ya tatu. Kila asubuhi alisimama tayari kuondoka, akimngoja mtu aliyesema anarudi sasa hivi.

Nilimpigia mama yake. Kesho yake mama alichuchumaa pale langoni, wakatazamana macho kwa macho, akamwambia: "Naenda kazini. Utakunywa uji, utacheza, utakula, kisha nitakuja kukuchukua." Mtoto alilia kwa mara ya kwanza, na alilia sana, karibu dakika kumi. Halafu akavua begi.

Kwa hiyo muage. Mwambie unakokwenda na utakaporudi, na wakati usiutaje kwa saa maana hajui saa. Utaje kwa mambo yatakayotokea, kama yule mama alivyofanya. Mkumbatie mara moja, sema neno lenu lile lile la kila siku, geuka uende. Usirudi dirishani kuchungulia. Akikuona, kilio kinaanza upya, na safari hii mimi ndiye ninayeonekana kuwa nimemzuilia asikufikie. Kama atakayemchukua ni nyanya, shangazi au dada wa kazi, mtaje asubuhi, tena ahadi hiyo isibadilike mchana.

Anzeni kujizoeza Desemba. Mwache kwa jirani unayemwamini nusu saa, urudi ulivyosema. Kisha saa moja, kisha asubuhi nzima. Usimdanganye hata mara moja, hata pale ambapo uongo ungekurahisishia kutoka nyumbani. Na kama mnaenda ushago kwa Krismasi, rudini angalau wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Nimewapokea watoto walioshuka basi usiku wa kuamkia siku ya kwanza, na hakuna mwalimu anayeweza kuwabembeleza hao wakatulia.

Choo. Mwanangu amezoea poti.

Wazazi huliona hili kuwa jambo dogo, ilhali ndilo linalowaharibia watoto wengi siku yao.

Mtoto wa ploti amezoea poti ndani ya chumba. Wa ghorofani amezoea choo cha kukaa, na mama anayemnawisha. Shuleni atakuta cha kuchuchumaa, mara nyingine cha shimo, chenye giza na tundu ambalo kwa macho ya mtoto wa miaka minne linaweza kummeza. Wapo wanaojizuia kuanzia asubuhi hadi mchana kwa hofu, wanajikojolea njiani kurudi nyumbani, na huko wanagombezwa. Wengine huacha hata kunywa maji ili wasisikie haja.

Kabla ya Januari, nenda shuleni naye uombe kuonyeshwa choo chenyewe. Ingia naye. Mwonyeshe pa kukanyaga. Nyumbani mfundishe kuchuchumaa bila kushikwa, kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, na kunawa mikono kwa sabuni. Kisha angalia kaptura au suruali aliyonunuliwa: kama ina zipu ngumu, kifungo na mkanda juu yake, mtoto atakuwa amechelewa kabla hajaifungua. Mnunulie ya lastiki kiunoni. Weka nguo ya ndani na kaptura ya akiba kwenye mfuko mdogo wa kitambaa ndani ya begi, na mwambie, akisikia vizuri, kwamba akijikojolea hakuna atakayemgombeza. Mimi humbadilisha pembeni, na wenzake hawajui.

Anaitwa "Baba" nyumbani kwa sababu ya babu yake. Ni tatizo?

Jina la upendo halina ubaya. Tatizo ni pale jina la kwenye cheti linapokuwa geni kwake. Nimeita jina kwenye daftari la mahudhurio siku tatu mfululizo bila kuitikiwa, na mwenyewe yuko mbele yangu akinitazama. Hakuwahi kuambiwa kwamba jina hilo ni lake. Anza leo kumwita kwa jina lake rasmi mara kadhaa kwa siku. Mfundishe pia majina kamili ya mama na baba, kwa sababu "Mama anaitwa Mama" halimsaidii mtu yeyote mtoto akipotea stejini. Nambari ya simu huingia haraka ikiimbwa. Tungeni wimbo.

Gari la shule hupita saa kumi na mbili asubuhi. Alale saa ngapi?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa piga hesabu ya Nairobi. Mama anatoka kazini, foleni ya Jogoo Road, anafika nyumbani saa mbili usiku. Mtoto anamngoja, wanakula, wanacheza kidogo, analala saa tatu na nusu. Anaamshwa saa kumi na moja. Hiyo ni saa saba na nusu tu, na Januari jua la Nairobi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo anaoga na kuvishwa kukiwa bado giza.

Najua mama naye anataka kumwona mwanawe. Simlaumu. Ninachoomba ni kwamba anayebaki naye jioni amlishe na kumwogesha mapema, ili ukifika kazi yako iwe kumsimulia na kumlaza. Televisheni izimwe mapema. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa umri huu asizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Na kama hujachagua shule, ipe uzito ile anayoweza kufika kwa miguu. Mtoto wa miaka minne anayelala saa moja zaidi hufaidika kuliko anayevuka jiji kufuata shule yenye jina.

Anzeni ratiba mpya wiki mbili kabla, mkisogeza muda wa kulala robo saa kila baada ya siku mbili.

Ninunue nini, na wapi?

Nunua baada ya kupata orodha ya shule, na uliza kwanza kama sare lazima itoke duka fulani. Sweta na kaptura utazipata Gikomba au Muthurwa kwa bei nafuu kuliko madukani, ila nenda kabla ya wiki ya mwisho, maana wakati huo hakuna nafasi hata ya kumpimisha mtoto.

Sweta ikiwa kubwa kidogo si kitu. Mikono hukunjwa, na mwezi wa Julai baridi ikikaza utashukuru. Viatu ni tofauti. Kiatu kikubwa humwangusha, na mtoto anayeanguka anapokimbia huacha kukimbia. Chagua cha kubandika badala ya kamba, avae na kuvua mwenyewe nyumbani hadi ajue kipi ni cha kulia. Ndani ya kila kitu, kuanzia sweta hadi chupa ya maji, andika jina kwa kalamu isiyofutika. Mimi hubaki na sweta zisizo na wenyewe kila muhula.

Begi liwe dogo. Halihitaji magurudumu.

Chakula cha mchana?

Katika shule za umma za Nairobi, vituo vya awali vya kaunti vikiwemo, kuna mpango wa Dishi na County ulioanzishwa 2023, ambapo mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo na mtoto huvaa bangili mkononi inayotumika kuhesabu malipo. Uliza shuleni siku unapoandikisha.

Popote atakapokula, jambo ni lile lile: ajue kula mwenyewe kwa kijiko, amekaa, bila kufuatwafuatwa na sahani nyumba nzima. Ukimfungia chakula, mnunulie kikopo anachoweza kukifungua. Nina watoto ishirini na kitu, na wote huniletea vikopo vyao kwa wakati mmoja.

Stakabadhi gani zinahitajika?

Cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Cheti huombwa kupitia eCitizen, na ukikwama nenda Huduma Centre. Kama mtoto hakuandikishwa ndani ya miezi sita baada ya kuzaliwa, huo ni usajili wa kuchelewa na una hatua zaidi, kwa hiyo usingoje Januari. Lakini kukosa cheti kusiwe sababu ya kumfungia mtoto nyumbani. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima. Nenda ukazungumze na mwalimu mkuu huku ukiendelea kukifuatilia.

Ukishashika kitabu cha kliniki, kifungue. Wazazi wengi huacha kwenda baada ya chanjo ya surua na rubela ya miezi 18, wakasahau kwamba vitamini A na dawa ya minyoo huendelea kila miezi sita hadi mtoto anapokaribia miaka mitano.

Hasemi vizuri kama wenzake. Nisubiri atakua?

Usisubiri. Mtoto wa miaka minne ambaye watu wasio wa nyumbani hawamwelewi, asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, anayesogea hadi puani mwa televisheni ili aone, au asiyetaka kabisa kucheza na wenzake, anafaa kupimwa sasa. Anza na masikio na macho kwenye kituo cha afya. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iko hapa hapa Kasarani na hupima watoto, na vipo vituo vya tathmini vya serikali karibu na unakoishi. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza.

Tafadhali nielezee pia mimi. Kuna mzazi aliyenificha mwaka mzima kwamba mwanawe hasikii sikio moja, akiogopa tutamkataa. Nilikuwa nimemketisha upande mbaya wa darasa tangu Januari. Ningejua, ningemhamisha siku ile ile.

Anatumia mkono wa kushoto.

Mwache autumie. Asilazimishwe na wewe, wala nyanya yake, wala mimi.

Walimu watamchapa?

Sheria ile ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, imekataza adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kiakili shuleni. Akichapwa, nenda kwa mwalimu mkuu, na ukipuuzwa piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto.

Nina ombi kwa watu wa nyumbani pia. Acheni kumtisha mtoto kwa jina la mwalimu. "Endelea tu na huo utundu, Januari mwalimu atakuonyesha!" Maneno hayo husemwa na watu wanaompenda, mara kumi kwa siku. Kisha wanamleta, wananikabidhi, na wanashangaa kwa nini anapiga mayowe akiniona. Mwambieni kwamba mwalimu ndiye wa kukimbilia akiumia, akiibiwa penseli, akiona kiu.

Usalama njiani je?

Mjue dereva na anayewasindikiza watoto kwa sura na kwa nambari ya simu, na uhakikishe kila mtoto ana kiti chake. Kama anatembea, pitieni njia hiyo pamoja mara kadhaa, mkisimama pale pikipiki zinapotokea upande usiotarajiwa. Mwambie pia kwa lugha nyepesi kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani hazishikwi na mtu, na kwamba siri inayomfanya aogope aje akuambie hata kama ameambiwa asiseme. Mtajie viungo vyote kwa majina yake. Asiyekuwa na jina la kitu hawezi kukuambia kilichofanyika.

Nitajuaje kama anaendelea vizuri?

PP1 haina mitihani ya kupanga watoto kwa namba. Tunawaangalia wakifanya mambo na kuandika tulichoona katika shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Jioni usimuulize "Umefundishwa nini?", atakujibu "Hakuna kitu." Muulize alikaa karibu na nani, nani alilia leo, uji ulikuwa na sukari? Akianza kukutajia majina ya wenzake, ametulia. Akirudi kukojoa kitandani, akikataa chakula au kuamka usiku akilia kwa zaidi ya wiki tatu, njoo tuzungumze.

Siku ya kwanza nifike saa ngapi kumchukua?

Robo saa kabla. Omba ruhusa kazini mapema, hata kama ni siku hiyo moja tu. Lango letu likifunguliwa, watoto hutoka kwa mstari na wote hutazama upande mmoja, wakitafuta. Simama mbele, mahali pasipo na gari wala mwavuli wa mtu, simu ikiwa mfukoni. Ukiweza, uwe umevaa nguo ile ile aliyokuacha nayo asubuhi, kwa maana macho yake yatakuwa yanaitafuta hiyo. Mpokee begi, mpe maji. Usimhoji njiani. Na akisinzia kabla hamjafika stejini, mbebe.